Jumatano za Bamvua

Vijana wangu wa kitengo cha chanjo, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za kanga za mke wangu, kisha mkaniomba niwaandikie uzoefu. Saa inakwenda vizuri, kanga zimeshavaliwa harusini, kilichobaki ni huo uzoefu. Nimekaa barazani kwangu Makorora, jirani anakaanga bagia, na nimeamua kuanza kabla sijapata kisingizio kingine. Vyeo sitavitaja, maana vyangu vyote havijazi mstari mmoja. Nitawaeleza tu kazi ilivyonifundisha, na hasa ile mara moja niliyoifundisha serikali uongo bila kukusudia.

Mimi ni Mshambaa wa Lushoto, mtoto wa mkulima wa viazi, Mlutheri mwimba besi. Barua ya kwanza ya kazi ilinipeleka zahanati moja ya pwani, kusini ya Pangani. Niliteremka na sanduku la bati, na ndani yake mlikuwa na makoti mawili mazito ambayo mama alinikabidhi kwa machozi, akiamini kwamba popote penye serikali pana baridi. Muuguzi aliyenipokea aliitwa Bi Zainabu Mbwana, Mbondei wa Muheza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Akayashika makoti yale, akayapima uzito. "Haya yatatufaa," akasema. "Tutafunikia mtungi wa maji."

Na kweli lilifunika mtungi, koti moja, mpaka likaoza.

Bi Zainabu ndiye aliyenifundisha kikasha cha chanjo. Mnakijua kikasha: kidogo, cha buluu, mkanda wa kuvaa begani, barafu pande nne. Alinifundisha kwamba barafu ikitoka tu kwenye friji huiweki ndani papo hapo, unaisubiri itoe jasho kidogo, maana ziko chanjo zinazoharibika zikiganda. Alinifundisha kukitikisa kichupa ninachokitilia shaka, kukisimamisha mezani na kutazama kama ndani yake kunatuama chengachenga. "Chanjo mbovu haipigi kelele," alikuwa akisema. "Wewe ndiye mwenye macho." Alinifundisha pia kwamba pwani hufiki nyumbani kwa mtu ukaanza na sindano. Unasalimia, unauliza habari za watoto, za wazee na za mgonjwa wa juzi, unanyamaza kidogo, ndipo unasema ulichojia. Mwanzo niliona tunapoteza asubuhi nzima. Baadaye niligundua ndiyo asubuhi yenyewe.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa kipindupindu. Maagizo kutoka juu yalisema kila nyumba ichemshe maji ya kunywa, na mimi nikazunguka na daftari kuhimiza. Watu waliitikia kwa adabu, ila hawakuchemsha, kwa sababu kuni zilikuwa mbali na maji ya moto hayakati kiu. Nikarudi kwa Bi Zainabu nikilalamika. Yeye akachukua dawa ya kutibu maji, kijiko na kigoda, akaenda kukaa kisimani. Kila ndoo iliyotoka ikapita mkononi mwake. Baada ya muda ukaja mwongozo mpya uliosema wahudumu wakae kwenye vyanzo vya maji. Ulisema yale yale aliyokwisha kuyafanya, ila kwa kurasa nyingi zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mwongozo nao ni mwanafunzi, tena hujifunza kutoka kwa yeyote anayeupelekea habari.

Nitaruka miaka mingi hapa. Ilikuwa ya surua, vyandarua na pikipiki zenye pancha, na ninyi wenyewe mnaijua.

Korona ilinikuta mtu mzima, nimebakiza miaka michache. Mwanzoni hakuna aliyejua lolote, na hilo si la kuona haya, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa mgeni hata kwa wakubwa. Mwongozo wa Jumatatu ulifutwa na wa Alhamisi. Tuliambiwa tutenganishe mabenchi ya kina mama kliniki, tukayatenganisha. Tukigeuka nyuma yamekwisha kusogezwa, maana habari za mtaa hazisimuliwi kwa mbali. Tuliambiwa tusalimiane kwa kiwiko. Nilimpa mzee mmoja wa Ushongo kiwiko, akarudi nyuma hatua mbili na kuniuliza nina ugomvi gani naye. Tukaishia kuweka mkono kifuani na kuinama kidogo. Ilikuwa ni adabu ya pale pale tangu zamani, ila hakuna aliyekuwa amewauliza wenyewe.

Kisha chanjo ikafika, nami nikapangiwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu vijijini na kikasha. Ratiba ilitengenezwa wilayani kwa wiki, kila kijiji na Jumatano yake, baada ya wiki mbili unarudi. Kijiji ninachotaka kuwaeleza sikitaji jina. Niliwahi kuliandika vibaya mara moja, inatosha. Kiko kusini, kabla hujafika Mkwaja, na watu wake wanaishi kwa bahari. Wengi wazazi wao walitoka Pemba.

Jumatano ya kwanza tulifungua meza barazani kwa ofisi ya kijiji saa mbili asubuhi. Walikuja watu wanne: walimu wawili, mama mmoja mwenye pumu, na mzee mmoja aliyeletwa na jirani kwa baiskeli. Mzee yule alikuwa amekatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Sasa, maelekezo ya wakati ule yalikuwa kwamba kichupa kimoja ni cha watu kadhaa, kikifunguliwa kina saa chache tu, kinachobaki kinamwagwa, kwa hiyo usifungue mpaka watu watimie. Nikawaambia wasubiri. Wakasubiri mpaka saa nane. Hawakutimia. Nikawaomba warudi Jumatano ya zamu, nikafunga kikasha na kuondoka.

Jumatano iliyofuata ya zamu walikuja walimu peke yao. Nao nikawarudisha.

Fomu yetu ya wiki ilikuwa na kisanduku kimoja kidogo: sababu ya mahudhurio hafifu. Nikaandika, "Wananchi hawataki." Maneno mawili. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na kisanduku chenyewe hakikutosha zaidi ya hapo. Wilayani wakaandika kwamba kijiji kina mwitikio duni. Sijui mkoani waliandika nini, ila jibu liliporudi kijiji changu kilikuwa kimeshaitwa kijiji chenye ukinzani. Likatumwa gari la matangazo lenye vipaza sauti viwili, likazunguka siku nzima likiwaambia watu waache ujinga na wasisikilize uvumi. Serikali ilifanya kazi yake, na kwa kasi ambayo sijaiona tangu niajiriwe. Ilijifunza upesi sana. Tatizo ni kwamba mwalimu alikuwa mimi.

Jumatano ya tatu hakuja hata mmoja. Na mwezi ule kijiji kilikuwa kimezika watu wawili wa mtaa mmoja, wote wa kifua. Nilipita penye matanga nikatoa pole, nikaitikiwa pole kwa pole, hakuna aliyenikaribisha kukaa. Barua ilikuwa imekwisha toka kwamba Ijumaa ile kikao cha wilaya kingeviondoa vijiji vyenye ukinzani kwenye ratiba, chanjo ipelekwe kunakotakiwa. Nilifunga kikasha nikiwa na hasira nao. Nilijiambia, nimewafuata mara tatu, mtu mzima habembelezwi mara nne.

Pikipiki ikapata pancha pale mwisho wa nyumba, njia inapopakana na ufuo. Ilikuwa kama saa nane mchana. Nikawa nimechutama natoa tairi, nikaona wanawake wanapanda kutoka baharini, kundi kubwa, kanga zimelowa mpaka kifuani, ndoo kichwani, mkononi kila mmoja na kijiti cha kuchokolea pweza. Wengine wakapita kimya. Mmoja, bibi wa miaka sabini hivi, akasimama.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Watu wa chanjo hamchoki nyie?"

"Tunachoka, bibi. Ila ninyi ndio hamtaki."

Akatua ndoo. Ndani pweza mmoja alikuwa bado anajivuta ukingoni. "Nani kakwambia hatutaki?"

"Hamji."

"Mwanangu, n'kuulize. Wewe kwa matamshi yako wa milimani. Huko kwenu, mtu akija kukuchanja siku ya kuvuna viazi, asikukute nyumbani, umemkataa?"

Nilikuwa bado nimeshika spana.

"Mwaja bamvua," akasema, polepole, namna mtu anavyosema na mtoto. "Jumatano ya kwanza bamvua. Ya pili bamvua. Leo bamvua. Maji yanakupwa mpaka mwisho, saa nne mwamba wote uko nje, na siye sote tuko mwambani, maana ndilo shamba letu lile. Siku zenyewe chache, kisha maji mafu, hayakupwi sana, twakaa majumbani hatuna la kufanya. Hapo hamji. Maji yakijaa twarudi, twakuta mwafunga kikasha mwenda zenu. Haya, nani kamkataa mwenziwe?"

Mimi huko kwetu mwezi nilijua ni wa kumulika njia tu. Nimekaa pwani miaka yote ile, nimekula pweza wao, na sikuwahi kujiuliza wanampata siku gani. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na wiki mbili za ratiba yetu zinakaribia kulingana na nusu ya mwezi wao. Ukianza kwenye bamvua, ukirudi baada ya wiki mbili unaikuta bamvua nyingine, na nyingine tena, mpaka miezi ipite ndipo zipishane. Kijiji jirani, ambacho kwenye taarifa zangu nilikisifu kwa usikivu, nilikuwa nakwenda wiki zile nyingine. Usikivu wao wote ulikuwa maji mafu.

"Mbona hamkusema, bibi?"

"Likaja gari likatwambia siye wajinga. Mtu akishakwita mjinga, utamweleza habari ya maji?" Akainama kuchukua ndoo yake, kisha akaghairi. "Na mzee wangu mlimrudisha. Mimi nilikuwa mwambani, jirani kambeba kwa baiskeli. Kakaa pale kiambazani kwa ofisi tangu saa mbili mpaka saa nane, wamwambia watu hawajatimia. Yeye kwani si mtu?"

Ndugu zangu, niliona aibu ambayo sijapata kuiona, si kwa bosi wala kwa mchungaji. Nilimwomba radhi nikiwa nimechutama vile vile, mikono ina grisi. Aliitwa Bi Mwanakombo, na mumewe Mzee Omari. Nikamwuliza niende lini. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Jumanne ijayo maji mafu. Njoo, tutakuwapo. Lakini usije na lile gari."

Ijumaa nikaenda kikaoni. Mganga mkuu wa wilaya wakati huo alikuwa daktari kijana, umri wa binti yangu, mpole lakini hasogezwi. Ukutani alitundika ramani, vijiji vyenye ukinzani vimepigwa kalamu nyekundu. Alipofika kwenye changu nikasimama. Ni jambo gumu kuwaambia watu wanaokuita mzoefu kwamba umeandika usilolijua.

"Daktari, kijiji hicho si kigumu," nikasema. "Taarifa ndiyo mbaya, na aliyeiandika ni mimi."

Nikaeleza. Watu wakacheka, hasa tulipofika kwa pweza. Daktari hakucheka. "Sasa mkoani nikawaambie nini, mzee wangu? Kwamba mwezi ndio umetuzuia?"

"Waambie hatukuuliza."

Akafunika kalamu yake nyekundu, akasema, "Nenda hiyo Jumanne. Wakija, tutajua. Wasipokuja, kikasha kinahamia kwingine na sitaki kusikia habari za bahari tena." Nikamshukuru, nikatoka nje, nikanywa maji glasi mbili.

Jumanne nilifika kabla ya saa mbili. Nikapanga meza, rejista, sanduku la sindano zilizotumika. Saa mbili hakuna mtu. Saa mbili na nusu hakuna mtu, ila kuku wawili. Mwenyekiti wa kijiji akawa ananitazama kwa huruma, na huruma ya mwenyekiti wa kijiji ni kitu kizito. Nilianza kufikiri kwamba bibi amenipa somo la pili.

Ndipo likatokea toroli, lile la kubebea madumu ya maji, limetandikwa mkeka. Ndani amekaa Mzee Omari, kofia ya viua kichwani, shati limepigwa pasi. Bi Mwanakombo anasukuma. Nyuma yao njia nzima ilikuwa tupu.

"Asalaamu aleikum, bwana mdogo," mzee akasema. Nilikuwa na mvi kichwa kizima.

"Waaleikumu salamu. Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Leo mimi wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi tungoje. Nimekuja na kahawa yangu. Sitaki umwage dawa ya serikali kwa sababu yangu."

Alisema kwa utani, na mkewe akacheka. Niliwatazama wawili wale, nikaitazama njia, haina mtu. Nikakitoa kichupa, nikakifungua, nikavuta dozi yake. Mwenyekiti akashtuka. "Watu hawajatimia, Bwana Afya."

"Wametimia," nikasema, nikamchoma.

Baada ya hapo walikuja. Ilikuwa siku ya uji wa nazi na mambo ya nyumbani, hakuna aliyeona sababu ya kukimbia. Walikuja kwa makundi, wamevaa vizuri, wananitania kuhusu pancha yangu ambayo kijiji kizima kilikwisha kusimuliwa. Kufikia saa sita kikasha kilikuwa kitupu na foleni bado ipo. Nikampigia daktari simu aongeze vichupa. "Wamekuja?" akauliza. "Wamekuja mpaka wamenishinda," nikajibu. Papo hapo nikamsikia anamwita dereva.

Yaliyofuata si sifa yangu. Mtakwimu wetu wa wilaya alikwenda bandarini akaomba jedwali la maji kujaa na kupwa, akalilaza kando ya rejista za vijiji vyote vya pwani. Karibu kila tulipoandika ukinzani, jedwali liliandika bamvua. Daktari akalipeleka mkoani kwa jina lake mwenyewe, akakubali kuchekwa badala yangu. Ratiba ya pwani ikabadilishwa ifuate maji. Baadaye kidogo yakaja na maelekezo kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtu mmoja, maana kumrudisha mtu aliyekuja kunapoteza zaidi ya dawa inayobaki. Najua wilaya nyingi zililalamikia jambo hilo hilo. Sisemi ni Mzee Omari aliyebadilisha. Lakini alikuwamo.

Msidhani mfumo hukoma kukosea. Fomu mpya ya kwanza ilikuwa na kisanduku cha "hali ya bamvua" na ikasambazwa kila mahali, mpaka kwetu milimani. Binamu yangu, muuguzi huko Lushoto, akanipigia. "Kaka, wanatuuliza maji yamekupwa lini. Tuwaambie ya mtoni?" Nikamwambia andika ukweli, waambie ninyi siku za gulio ndizo watu hawapo. Akaandika. Nadhani na wengine wengi waliandika ya kwao, wa minada ya ng'ombe, wa mashamba ya mkonge, maana fomu iliyofuata ilikuja imerekebishwa tena. Kisanduku cha bamvua hakipo. Pale palipokuwa na "sababu ya mahudhurio hafifu" pameandikwa swali: siku ya huduma, wananchi walikuwa wapi? Na kisanduku chake kikubwa, cha mistari minne.

Nilipoipokea nilifunga mlango wa ofisi nikacheka peke yangu. Nawaomba msikijaze kwa maneno mawili.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilipita kijijini kuaga. Ilikuwa maji mafu, Bi Mwanakombo alikuwa nyumbani anasuka ukili, mzee amekaa mlangoni. Nikawaonyesha fomu, nikawasomea lile swali. Bibi akasema si baya. Mzee akataka nilisome tena.

"Nani anauliza?"

"Serikali, mzee."

"Inataka kujua mimi nilikuwa wapi siku ile ya chanjo?"

"Ndiyo, wewe na wenzako."

Hakuwa anatania safari hii. "Basi andika. Nilikuwa pale kiambazani, tangu saa mbili."

Fomu ile haikuwa ya siku ile wala ya mwaka ule. Nikatoa kalamu, nikaandika.